Okidi Tatu za Benki

Siku walipofunga tawi letu la Šilainiai
kila mtu aliondoka na kitu.
Kęstutis wa mikopo alisukuma kiti chake cha magurudumu hadi kituoni,
mlinzi aling'oa saa ukutani.
Mimi nilizikuta okidi tatu juu ya pipa la karatasi,
maua yameisha, vikonyo vimesimama wima
kama kalamu zilizokauka wino.
Nikazifunga kwa skafu,
nikapanda nazo basi, nje nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
nimezikumbatia kama mtu aliyeiba kuku.

Sikujua lolote. Naungama.
Kibandiko kilisema: vipande vitatu vya barafu kwa wiki.
Nikaona huo ni ubahili.
Kiumbe wa nchi za joto, umpe barafu?
Nikazipa maji ya uvuguvugu,
glasi asubuhi, glasi jioni,
na siku barua ya kazi iliporudi na "tunasikitika"
glasi moja ya ziada.

Majani yakageuka njano.
Nikadhani ni kiu. Nikaongeza.

Stanislova wa ghorofa ya tatu
ana okidi kumi na moja, zote zinachanua kana kwamba zinalipwa.
Alipanda ngazi na slipa zake,
akaivuta moja kutoka kwenye chungu
nayo ikatoka bila ubishi, kama jino la mtoto.
"Nusa," akasema.
Nikanusa. Kinamasi.
"Hizi hazikai udongoni, Birutė.
Kwao hujishika kwenye magome ya miti,
mvua ikinyesha zinalowa, upepo ukipita zinakauka,
mizizi inapumua. Wewe umezizamisha."
Sikujibu. Kumbe mtu anaweza kuua
na glasi mkononi, kwa upole, kila siku.

Tukatandaza gazeti mezani.
Mkasi wa kukatia kuku nikaupitisha kwenye moto wa gesi.
Mzizi mzima ni mgumu, rangi ya fedha,
ukilowa huwa kijani.
Uliooza, ukiubonyeza, ganda linavuka kama soksi
unabaki uzi.
Nilikata uzi baada ya uzi.
Penye majeraha tukanyunyiza mdalasini
uliobaki kwenye keki za Krismasi,
jiko likanukia sikukuu na msiba kwa pamoja.

Ya kwanza ilibaki na mizizi miwili.
Ya pili, mmoja na nusu.
Ya tatu haikubaki na kitu;
niliishusha jalalani saa tano usiku
ili Stanislova asinione.
Alikuwa dirishani, anavuta sigara.
Akapunga mkono.

Tangu hapo kazi yangu ni kutofanya.
Naamka, nanyanyua chungu, napima kwa kiganja:
kizito. Nakirudisha.
Kesho yake, kizito bado. Nakirudisha.
Hakuna aliyewahi kuniambia ni vigumu hivi
kushika birika na kutoliinamisha.
Nimezisogeza mbali na kipasha joto,
ufa wa dirisha nimeuziba kwa fulana ya zamani ya Ugnė.
Ya pili niliivika mfuko wa plastiki
ipumue unyevu wake yenyewe.
Ikaondoka hata hivyo, mwezi wa pili,
jani kwa jani, bila kelele.

Jana, chini ya jani la hii iliyobaki,
nimeona ncha. Kijani, inang'aa,
fupi kuliko punje ya mchele.
Nikashuka ngazi mbio, bila viatu.
Stanislova akavaa miwani, akapanda nami,
akainama, akanyamaza muda mrefu mno.
"Si ua," akasema. "Ni mzizi."
Nilitaka ua, sitadanganya.
Nilishamwahidi Ugnė picha.
Lakini usiku nimeamka mara mbili
na tochi, na rula yake ya shule.

Asubuhi amepiga simu kutoka Bergen, kama kila Jumapili,
kuuliza kama kuna habari yoyote.
Anauliza kazi, najua.
"Ipo," nikamwambia. "Milimita nne."